Bei ya Kusikia Vizuri

Mwaka ule watu walipojaa katika kambi ya Kanyaruchinya, juu ya mji wa Goma, mpaka turubai za vibanda vyao zikagusana, kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Asubuhi niliingia katika chumba cha nyuma cha nyumba moja ya kupanga huko Keshero, nikafunga dirisha kwa sababu ya jenereta la jirani, nikakaa mezani, na mpaka saa kumi jioni nilisikiliza watu waliokimbia vita wakijibu maswali. Wenzetu walipanda kambini na vinasa sauti vidogo, wakauliza: umetoka wapi, umekuja na nani, nani amekufa. Sisi wa chumba cha nyuma tuliandika majibu yote kwa Kifaransa, neno kwa neno. Makaratasi yetu yalikwenda kwa wakubwa ambao hatukuwahi kuwaona, na hao ndio walioamua nani apewe nini.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu tulimwita Muzee, ingawa hakuwa mzee hivyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika vilima vya Masisi, mpaka askari walipoingia shuleni na kuchoma madawati wapikie. Akashuka Goma na mke na watoto watano, wakapanga chumba kimoja Ndosho. Alijua Kihunde na Kinyarwanda kama mtu ajuavyo njia ya nyumbani. Mimi ni mtoto wa upande wa Bukavu. Baba yangu alikuwa karani wa forodha aliyehamishiwa Goma nikiwa mdogo, akafia hapa, nikabaki na mama. Kinyarwanda nilikipata bwenini, kwa wasichana niliolala nao chumba kimoja katika shule ya masista. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilijiona mtu aliyestahili kazi kubwa kuliko ile.

Pale neno liliposhindikana kusikika, tuliandika kati ya mabano: haisikiki. Shefu wetu, mwanamume wa Kinshasa aliyevaa viatu vyeupe katika mji wa vumbi jeusi, alizichukia hizo haisikiki. Kila Ijumaa alichapisha kurasa zetu, akazungushia kila haisikiki kalamu nyekundu, halafu akaziweka mezani mbele yetu.

Vifaa vya kusikilizia tulivyopewa na biro, ofisi iliyotuajiri, vilikuwa vya kuchekesha. Vya kwangu vilikufa sikio la kushoto wiki ya pili. Vya Muzee vilikatika waya, akanunua vingine kwa dola mbili kwa wale wanaotembeza chaja na betri barabarani, akavizungushia utepe wa umeme mahali pa kukunjika. Mimi nilisema hapana. Kama ni kazi ya masikio, basi nitanunua masikio.

Dukani karibu na Birere kulikuwa na mfanyabiashara aliyeleta vitu kutoka Dubai. Alinitolea sandukuni kaske nyeusi, ile ya kuvaa kichwani inayofunika masikio yote mawili, laini kama shavu la mtoto. Akanivalisha mwenyewe, akaweka wimbo.

“Sikia vizuri, mama,” alisema, nikamwona midomo tu ikienda, kwa sababu Birere yote, na magari yake na makelele yake, ilikuwa imezimika. “Hii unasikia hata mwimbaji anameza mate.”

Ilikuwa kweli. Nilimsikia mwimbaji akimeza mate. Bei ilikuwa dola mia tatu na ishirini, zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Nilizilipa siku ileile. Zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya jicho la mama, jicho la kushoto, lililoanza kufanya ukungu, na daktari alikuwa ametuambia tusichelewe.

Mama aliigeuzageuza ile kaske mikononi, akaisogeza karibu na jicho lake zima.

“Hii ni bei ya ng'ombe,” alisema. “Utaikamua?”



Kama ungeniuliza wakati huo kama ile kaske ilistahili bei yake, ningekujibu kabla hujamaliza swali. Kanda ambazo Muzee alizisikiliza akikaza vidude vyake sikioni kwa vidole viwili, uso umekunjamana, mimi nilizimaliza nikiwa nimeegemea kiti. Nilisikia mvua juu ya turubai na, chini ya mvua, mtu akisema. Nilisikia mama akijibu swali huku akimpiga kofi mtoto, na yule mtoto akijizuia kulia. Ijumaa ya kwanza karatasi zangu zilikuwa na haisikiki tatu. Za Muzee zilikuwa arobaini na moja. Shefu aliziweka zote mbili mezani pamoja, zikiangaliana.

“Binti yangu, hii kitu ulinunua bei gani?” Muzee aliniuliza.

Nilimwambia. Akatikisa kichwa polepole, si kwa wivu, kama mtu aliyeambiwa umbali wa nchi asiyokusudia kwenda.

Siku nyingine, wenzetu wa kambini wakiwa wamerudi na wamejaa chumbani, nilichukua vile vidude vyake vya utepe, nikavining'iniza juu kwa ncha za vidole.

“Muzee, hizi zako ni za kusikilizia kuku?”

Walicheka sana. Mmoja alilia kama kuku. Muzee naye akatabasamu, akanyoosha mkono, nikachelewa kidogo kumrudishia ili wacheke tena.

Halafu pesa za kazi zikapungua. Shefu akatuambia, bila kuzunguka, kwamba mwisho wa mwezi atabaki mmoja. Kwa wiki mbili tutapewa kanda zilezile, kila mtu aandike za kwake bila kuangalia za mwenzake, halafu atalinganisha. Nilijua nimeshashinda. Nadhani hata Muzee alijua.

Katika zile kanda kulikuwa na ya mwanamke mmoja wa Kalengera, kijiji cha kwenye barabara kuu ya Rutshuru. Alikuwa na sauti nzito kidogo, yenye kukwaruza, na alivuta mwisho wa kila neno kana kwamba hataki kuliachia. Watoto wanne. Siku zile zilikuwa zinajengwa nyumba chache za mbao, mbali na mawe ya volkano ambako maji yalilala chini ya mikeka ya watu, na nyumba hizo zilikuwa za wajane na watoto wao.

“Bwana yako iko wapi?” aliuliza mwenzetu katika kanda.

“Alikufa.”

“Alikufia wapi?”

Hapo pakawa kimya. Sekunde sita. Katika kimya hicho, nyuma ya turubai, mtu alikohoa, kikohozi cha mwanamume, cha chini, kilichofinywa na kiganja. Kisha akanong'ona kwa Kinyarwanda: “Sema kwenye daraja. Sema waliniua kwenye daraja.”

“Kwenye daraja,” alisema mwanamke. “Walimuua kwenye daraja.”

Nilirudisha nyuma. Nilisikiliza mara nane. Nisingependa kuandika yanayofuata lakini ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti barabarani. Niliandika maneno ya yule mwanamume yote, nikaweka dakika na sekunde, nikapigia mstari chini. Nikatazama upande wa pili wa chumba. Muzee alikuwa amefumba macho, vidole viwili sikioni, midomo inacheza. Niliwaza: wewe endelea tu.

Ijumaa shefu aliita jina langu kutoka ofisini kwake. Mbele yake zilikuwa karatasi zetu mbili. Ya Muzee, mahali pale, ilisema: haisikiki, sekunde sita. Ya kwangu ilikuwa na mtu mzima aliyekufa anayeongea.

“Voilà,” alisema shefu. “Hii ndiyo kazi.”

Jumatatu Muzee alikuja kuchukua vitu vyake. Havikuwa vingi: kamusi isiyo na jalada, kikombe cha plastiki, koti. Nilijifanya ninasikiliza kanda. Alisimama mbele ya meza yangu mpaka nikavua kaske.

“Binti yangu,” alisema, “ule mwanaume nilimusikia.”

“Ule gani?”

“Wa Kalengera. Anakohoa kama mutu mwenye maji kwa kifua. Nilimusikia mara ya kwanza tu.”

“Na hizi za dola mbili?”

“Na hizi.”

“Juu ya nini haukuandika?”

“Niliandika,” alisema Muzee. “Niliandika haisikiki.”

Nilihisi uso unaniwaka, na kwa sababu hiyo nikamjibu vibaya zaidi. Nilimwambia huo ni uongo, na kwamba hatukuajiriwa kuhurumia watu, na kuna wajane wa kweli wanaolala majini kwa sababu ya wajane wa uongo. Nilisema mengi. Yeye alinisikiliza kama mwalimu asikilizavyo mtoto anayesoma vizuri kitabu ambacho si chake.

“Ni kweli,” alisema mwishowe. “Wako.”

Kisha akainama kidogo, akashusha sauti, akaniomba nimwombee kwa shefu mwezi mmoja zaidi, hata nusu mwezi, mtoto wake wa tatu alikuwa amefukuzwa shule. Nilisema nitamwombea. Alinishukuru kwa mikono miwili. Sikumwombea. Jioni ile nilihamisha kiti changu kwenye meza yake kwa sababu ilikuwa karibu na dirisha. Baadaye nilisikia anauza makaa Ndosho, na sijamwona tena.

Wiki iliyofuata wenzetu walirudi kambini kuhakikisha, na kanda ya kuhakikisha ikaja kwangu, kwa kuwa sasa zote zilikuja kwangu.

Naweza kuisema yote kwa kichwa. Wanafika. Wanasimama nje, hawaingii. Mmoja anauliza kwa sauti ya kutosha bloku nzima: “Mama, bwana yako ni mufu ao ni muzima?” Unasikia miguu ya watu wakija juu ya mawe, ile sauti ya kusagika. Unasikia mtu akicheka. Mwanamke anasema alikufa, kwenye daraja, sauti yake imekauka. “Na ule anayekohoa ndani ni nani?” Hapo umati unapiga kelele, na mwanamke mwingine, kijana, anapaza sauti: “Mujane mwenye bwana!” Wote wanachukua, wanaimba: mujane mwenye bwana, mujane mwenye bwana. Mtoto analia karibu sana na kinasa sauti.

Turubai inafunguliwa. Kikohozi.

“Ni miye,” anasema mwanamume. “Minaomba mupunguze sauti.”

Anaanza kueleza, karibu kwa kunong'ona. Watu wenye silaha walimchukua shambani, wakamtwika masanduku yao, akabeba miezi mitatu. Alitoroka. Wanamtafuta. Ndiyo maana mke wake anasema amekufa. Akiwa mfu hawamtafuti.

“Ongea kwa nguvu,” anasema mwenzetu. “Mashini haisikie.”

Kwangu ilikuwa inasikia. Nilikuwa namsikia mpaka ulimi wake ukibanduka kwenye kaakaa. Lakini mwenzetu hakujua hilo, alikuwa na woga wa haisikiki, woga ambao mimi ndiye niliyemzidishia. Mwanamume akarudia yote kwa sauti kubwa. Umati ulikuwa umenyamaza sasa, wanasikiliza. Na katika kimya hicho, upande wa kulia, mbali, nilimsikia mtu mwingine, kijana, ameweka mkono mdomoni, anaongea kwenye simu.

“Ndiyo, ni ule. Kwa bloku ya karibu na choo. Iko hai.”

Nilivua kaske. Nikaivaa tena. Nilisikiliza mara moja tu zaidi, sikuhitaji nane. Nikaandika, dakika na sekunde, nikaenda nayo kwa shefu bila kugonga mlango.

Alisoma huku anafunga kamba ya kiatu.

“Hili ni jibu la swali namba ngapi?”

“Si la swali, shefu. Ni mtu wa pembeni. Wanamwuza yule baba.”

“Kama si la swali, si letu.” Alinirudishia karatasi. “Tukiandika hivi, kesho wanatuuliza tulijua nini na lini. Andika haisikiki.”

“Lakini inasikika.”

“Kwa nani?” alisema. “Kwa wewe peke yako na ile kaske yako. Andika.”

Ningeweza kupanda pikipiki siku ile. Kutoka Keshero mpaka Kanyaruchinya si mbali, na nilikuwa na nauli. Nilirudi mezani nikaandika haisikiki, na kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imefika, nikaenda kula.

Ile familia ilifutwa kwenye orodha ya nyumba za mbao. Hilo nililiona mwenyewe, mstari mwekundu.

Mwezi wa pili baada ya hapo shefu aliniambia nipande kambini mwenyewe, kwa sababu sasa hakukuwa na pesa hata za wale wenzetu wa kambini. Nilikwenda na viatu vibaya. Nilikuwa nimezisikia zile bloku miezi mingi na sikuwa nimezinusa. Niliwahoji watu saba asubuhi ile. Wa nane alikuwa mwanamke mwembamba, ameketi mlangoni mwa kibanda anatenga maharage mabovu. Sura yake haikuniambia kitu. Alifungua mdomo kunikaribisha, akavuta mwisho wa neno, nikajua.

Alinipa kidumu cha maji kilichopinduliwa nikikalie. Nikauliza la kwanza, la pili. Nilipofika kwa bwana yako iko wapi, aliweka chini sinia la maharage.

“Sasa alikufa kweli,” alisema.

Alinieleza bila kulia. Siku ya nne baada ya wale watu wa biro kuja kupiga kelele, bwana yake alitoka kwenda kutafuta kuni na wanaume wengine watatu. Njiani walikutana na vijana wenye silaha. Wale watatu waliambiwa waendelee. Siku iliyofuata hao watatu waliwaonyesha watu wa kambi mahali, wakamkuta. Alisema tu kwamba walimfunga shati lake usoni wakamzika nalo, na mimi sikuuliza zaidi, fomu haikuwa na nafasi.

“Na mimi namujua mwenye alituuza,” alisema. Akanyoosha kidole kwenye kibanda cha pili, kilichobaki fito bila turubai. “Jirani yangu. Tulitoka naye Kalengera pamoja. Ni yeye peke yake alijua bwana yangu iko ndani. Tulikuwa tunapika chungu kimoja. Alienda kwa watu wa biro akatusemea, apate nyumba ya mbao yeye.”

“Alikubali?” niliuliza.

“Aliapa. Aliapa kwa mutoto wake. Nilimumwangia uji wa moto kwa kifua.” Alinionyesha kifuani mwake mwenyewe, kutoka kwenye kola mpaka ziwa. “Ngozi ilitoka. Watu walimufukuza kwa hii bloku. Sijui iko wapi, na nisijue.”

Nilikuwa nayo mdomoni. Sentensi ilikuwa fupi: si yeye, mama, ni mimi, na ni kaske. Mtu mwingine angeisema. Nilimtazama yule mwanamke, nikatazama mikono yake, na nilichofikiria, kwa kweli, ni kwamba uji haukuwa mbali, ulikuwa pale juu ya mafiga unachemka.

“Pole, mama,” nilisema. Nikauliza swali lililofuata. Watoto ni wangapi?

“Ine.”

Nikaandika nne.

Vita viliposhuka mpaka Kanyaruchinya, kambi ilimwagika mjini kwa asubuhi moja. Watu walipita na magodoro vichwani, na mbuzi, na wagonjwa juu ya chukudu, zile toroli zetu za mbao za magurudumu mawili. Shefu alikuwa ameondoka siku mbili kabla, kwa ndege. Aliniachia ujumbe nifute kanda zote kwenye kompyuta ya kazi, ambayo nilikuwa nimerudi nayo nyumbani. Sikufuta, si kwa ushujaa, nilikuwa nimelala chini na mama sebuleni, tumejifunika godoro, mabomu yanapita juu ya mabati.

Yalipotulia kidogo nilikwenda ziwani kuchota maji, kwa kuwa bomba lilikuwa limekufa. Niliporudi na madumu mawili nilisikia sauti jikoni kwetu, kabla sijafika mlangoni. Ilivuta mwisho wa maneno.

Mama alikuwa amewaokota barabarani, mwanamke na watoto watatu. Hakujua ni nani. Aliona tu mtu ameketi kwenye mawe ya lango letu, hawezi kuinuka.

“Ah, ni mama wa biro!” yule mwanamke alisema aliponiona, na akafurahi, kweli akafurahi, akanishika mikono yote miwili. Wa nne, mdogo, walikuwa wamempoteza kwenye ule msongamano wa barabara ya kuteremka, na yeye alikuwa bado anaamini mtoto amechukuliwa na mtu mwema.

Walikaa kwetu siku tano. Mama yangu alimpenda. Walichambua mchele pamoja, wakafua pamoja. Mimi nilikuwa nikipita nyumbani kwangu mwenyewe kama mpangaji. Siku ya tano, mchana, nikiwa nakunja nguo, nilimsikia akimwambia mama juu ya bwana yake.

“Picha yake sina. Uso bado ninao. Lakini sauti, mama yangu, sauti inanipotea. Jana nilitafuta namna alikuwa ananiita, sikupata.”

Mama akageuka, na lile jicho lake moja, akaniita kwa furaha ya mtu aliyepata jambo la kusaidia.

“Si wewe ulikuwa unasikiliza watu wa kambi? Labda iko ndani ya mashini yako.”

Ningesema zimefutwa. Ndivyo nilivyoagizwa na ingekuwa rahisi. Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana. Ningependa kusema ni huruma ilinishika. Lakini nakumbuka pia kwamba, nilipokuwa naitoa ile kaske mfukoni mwake, nilitaka aone jinsi inavyosikika vizuri.

Betri ya kompyuta ilikuwa bado na chaji kidogo. Nilimvalisha, nikamwekea ile kanda ya kwanza, pale kwenye kimya. Sekunde sita.

Aliinua kichwa, akatazama mlangoni, kama mtu ameingia. Kisha akajibu, kwa Kinyarwanda, kwa sauti kubwa mno kama wasemavyo watu wenye kaske masikioni: “Ndiyo, nimesikia!” Watoto wake wakageuka wote. Mama yangu akaanza kulia.

“Tena,” alisema.

Nikamrudishia. Mara ya tatu alifumba macho, na midomo yake ikafuata maneno ya mumewe. Alipomaliza aliivua yeye mwenyewe, akaishika kwa mikono miwili.

“Hii ni siku gani?”

“Siku ya kwanza. Walipokuja kuandikisha.”

“Ule mutu wa biro alikuwa amekaa mbele yangu. Hakusikia.”

“Hakusikia,” nilisema.

“Nani alisikia?”

Kompyuta ilikuwa inalia kwamba betri inaisha. Mama alitazama kwangu, akatazama kwake, hakuelewa.

“Mimi nilisikia,” nilisema. “Mimi ndiye niliandika.”

Nilingoja anipige. Niliweka hata mikono chini ili asizuiwe. Lakini yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amejishika kifuani, kutoka kwenye kola mpaka ziwa, pale aliponionyesha siku ile.

“Jirani yangu,” alisema. “Aliapa kwa mutoto wake.” Kisha tena, polepole: “Nilimumwangia uji, naye amebeba mutoto mugongoni.”

Ndipo akanitazama.

“Na weye ulikuja. Ulikaa kwa kidumu changu. Nilikuambia yote, ukaandika.”

“Ndiyo.”

“Ungeniambia ile siku. Bwana yangu alikuwa ameshakufa, hungenirudishia. Ungenirudishia huyu mwingine.”

Aliweka kaske juu ya meza, taratibu, kama kitu cha mgeni. Akafunga vitu vyake katika kitenge. Maharage yalikuwa motoni, alikuwa ameyaweka yeye mwenyewe asubuhi, hakuyangoja. Mama alimshika mkono langoni, akamwambia bado wanapiga risasi upande wa uwanja wa ndege, aende wapi, na watoto hawa. Alisema anamtafuta mtu. Walikwenda upande wa juu, walikokuwa wanatoka watu wote, mkubwa mbele, yeye nyuma na mdogo aliyebaki.

“Umemwambia nini?” mama aliniuliza.

“Nimemsikilizisha tu.”

Mama aliingia jikoni, akaipua maharage, na wiki nzima hakusema nami isipokuwa juu ya maji na chumvi.

Kama alimpata jirani yake sijui. Miezi mitatu baadaye, mji ukiwa umeanza kuzoea wakubwa wapya, biro nyingine ilinitafuta. Walikuwa na kanda nyingi na watu wachache wenye lugha. Waliuliza kama nina vifaa vyangu mwenyewe vya kusikilizia, kwa kuwa vyao vilikuwa vibovu. Nilisema ninavyo, na ni vizuri. Wakaniambia nianze Jumatatu.